Nusu Saa ya Betri

Hapa Tanga nina jina la mtaani: Mwalimu wa Umeme. Walionipa jina hilo hawakusudii fizikia ninayofundisha sekondari. Wanakusudia kikasha ninachovaa kiunoni, chenye waya zinazoingia chini ya shati. Swali lao ni moja kila mara: ule umeme umekuponya? Na jibu langu ni moja: mgongo bado unauma. Anayeniona nikisimama ubaoni vipindi viwili mfululizo, au nikipiga baiskeli kutoka Chumbageni hadi Ngamiani na kurudi na kikapu cha sokoni, hudhani kuna dawa ninayoificha. Sina ninachoficha. Maumivu yapo, na kazi naifanya. Namna mambo hayo mawili yalivyoweza kwenda pamoja ndiyo ninayotaka kueleza, kwa kuwa wengi wa rika langu wanasubiri maumivu yaondoke kwanza ndipo warudie maisha yao, na kusubiri huko kunawamaliza kuliko maumivu yenyewe.

Sikupata ajali. Ilikuwa likizo, tukihamisha meza za maabara, zile za mninga ambazo wanaume wanne huzibeba kwa kuhema. Nikainama kushika pembe, kiuno kikakata. Usiku ule mguu wa kushoto ukaanza kuchoma, kuanzia takoni, ukapita nyuma ya goti, ukaishia kisiginoni. Mke wangu alinichua kwa mafuta ya mkaratusi. Shemeji yangu alisema wa kulaumiwa ni godoro la sponji, nikahamia mkekani. Wiki zikawa miezi. Picha ya eksirei ilionesha pingili za chini zimechakaa kidogo, na daktari akaniambia hapo hapana cha kupasua. Wengi wa umri wangu wanatembea na pingili za namna hiyo wala hawana habari. Akaniandikia diklofenaki.

Diklofenaki ilinisaidia, hilo silikatai. Ila dawa ya siku chache iligeuka kuwa ya kila siku, kama ilivyo kwa watu wengi ninaowajua. Duka la dawa la mtaani halimuulizi mtu cheti kwa vidonge hivyo. Unasema tu "nipe za mgongo", unahesabiwa, unafungiwa kwenye kikaratasi. Ikafika mahali nikila tumbo linawaka, na presha ikapanda. Daktari alinieleza bila kunikaripia: dawa za kundi hili huzuia kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Mtu akizizuia mwaka mzima, tumbo na figo ndivyo vinavyolipa. Akanikatia dawa, akaniandikia karatasi ya kwenda fiziotherapia.

Wataalamu huyaita maumivu sugu yale yanayodumu, au yanayorudirudi, kwa zaidi ya miezi 3. Tofauti yake na maumivu ya siku za mwanzo haiko kwenye urefu wa muda tu. Ukijikata kisu leo, uchungu una kazi ya maana, unakuzuia kuutumia mkono mpaka upone. Katika maumivu sugu, jeraha mara nyingi limekwisha kupona au limebaki dogo, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimekwisha kuzoea kutoa onyo, na vinaendelea kulitoa kwa sababu ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani mtu 1 kati ya kila 13 duniani. Niliposoma takwimu hiyo nilipata faraja ya ajabu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimerogwa peke yangu.

Chumba cha fiziotherapia kilikuwa mwisho wa korido, vitanda vimetengwa kwa mapazia ya kijani, na pembeni kuna baiskeli isiyokwenda popote. Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo tutakuwekea umeme kidogo."

"Volti ngapi?" nikamuuliza, maana huo ndio ugonjwa wa kazi yangu.

Akacheka, akafungua mgongo wa kikasha na kunionesha betri. "Tisa, Mwalimu. Ni hii hii ya redio ndogo."

Kabla ya kuwasha chochote alinigusa mgongoni kwa pamba, kisha kwa kijiti chenye ncha, mara kushoto mara kulia, akinitaka niseme kila mara ni kipi. Nilidhani ni mchezo. Alikuwa anahakikisha ngozi yangu ina hisia kamili, kwa kuwa ngozi yenye ganzi haiwezi kukuambia kwamba inaungua. Akapangusa jasho, akapaka jeli ya baridi kwenye vipande vinne vya mpira mweusi, akavibandika kwa plasta pande mbili za uti wa mgongo, pale penyewe panapouma. Kutoka kwenye kila kipande ulitoka waya mwembamba hadi kwenye kikasha, ambacho hakikuzidi pakiti ya sigara.

"Naongeza taratibu. Kikishika sawasawa lakini hakiumi, sema hapo."

Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia kitu kinatekenya ndani ya nyama, kikawa mtetemo, mtetemo ukajaa, nikasema hapo. Akangoja kidogo, akaniuliza kama umepungua. Kweli ulikuwa umepungua, ingawa hakugusa kitu. Mwili huuzoea mpigo upesi. Akaongeza tena. Mara moja nyama ya mgongo ikaanza kurukaruka yenyewe, akarudisha nyuma kidogo. Robo saa haikutimia, nikagundua kwamba nimekuwa nikimsimulia habari za matokeo ya kidato cha nne na mguu wangu umenitoka akilini.

Nikajinyoosha nipate usingizi. Yeye akavuta pazia.

"Simama, Mwalimu."

"Na waya hizi?"

"Simama nazo. Ukilala nao tu huu umeme, betri itaisha na mgongo utabaki ulivyo."

Akaniketisha kwenye kiti na kuniinua, tena na tena, waya zikining'inia. Akanitaka niiname kufikia magoti, kisha chini ya magoti. Nilikuwa nimeacha kuinama tangu siku ya meza. Kiuno kilinung'unika lakini kilikubali. Siku ile nilitoka hospitalini nikijua kwamba sikuwa nimevunjika, na kwa mtu aliyeishi miezi kwa hofu ya kuvunjika, hiyo ni habari kubwa kuliko kipimo chochote.

Mwalimu wa fizikia hawezi kutiwa umeme akanyamaza. Nilitaka kujua kwa nini. Kifaa chenyewe huitwa TENS, na kazi yake ni kupitisha mipigo midogo ya umeme kwenye ngozi ili kuamsha mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Wazo lake mtoto yeyote analijua: akijigonga kiwiko, hukishika na kukisugua kabla hata hajaanza kulia. Mwaka 1965 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtafiti wa mishipa ya fahamu kutoka Uingereza, walichapisha katika jarida la Science nadharia iliyoeleza kwa nini kusugua kunasaidia. Mishipa minene hubeba habari za mguso na mtetemo. Mishipa myembamba hubeba habari za maumivu. Zote huingia kwenye uti wa mgongo, na hapo, walisema, pana kitu kinachofanya kazi ya lango. Habari za mguso zikijaa, lango huelekea kufunga, na maumivu yanayopita kwenda juu hupungua. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu, ya kulifungua zaidi au kulibana. Watafiti waliofuata wamezirekebisha sana njia walizozichora, lakini msingi wake umedumu: maumivu hupimwa na kupunguzwa au kukuzwa njiani kabla hujayahisi.

Miaka miwili baadaye Wall aliijaribu nadharia hiyo akiwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, William Sweet. Walianza na miili yao wenyewe, wakichomeka sindano usoni chini ya jicho na kupitisha umeme humo. Kisha wakawapima wagonjwa 8 wenye maumivu makali ya muda mrefu, kwa mipigo 100 kwa sekunde. Umeme ukiwa umewashwa, sehemu iliyokuwa haigusiki iliweza kubonyezwa bila maumivu. Wagonjwa 4 kati yao, wenye maradhi ya mishipa ya fahamu ya pembeni, walipewa umeme wa dakika 2 wakapata nafuu ya zaidi ya nusu saa. Nusu saa! Niliposoma hapo nilisimama, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikikipata mimi, na hakuna aliyekuwa ameniahidi zaidi.

Lango si hadithi yote. Utafiti, mwingi wake kwa wanyama, umeonesha kwamba mipigo hiyo huufanya mwili utoe vituliza maumivu vyake wenyewe, vya jamii moja na mofini, na kwamba mipigo ya haraka na mipigo ya polepole hutumia milango tofauti ya kupokelea vituliza hivyo. Wala wazo la kutuliza maumivu kwa umeme si geni. Scribonius Largus, tabibu wa Roma aliyeandika karibu mwaka 47, aliwaagiza wenye jongo wasimame ufukweni juu ya taa mweusi aliye hai, yule mwenye umeme, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alichapisha mwaka 1760 kitabu kizima cha tiba ya umeme. Kilichobadilika ni kipimo: taa hana kitufe cha kupunguza.

Nilipozoea, mpwa wangu alininunulia kikasha changu kwenye duka la vifaa tiba Dar es Salaam. Kilikuja na vitufe vitatu, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanavijua kuliko daktari yeyote, kwa sababu nilivifanya somo. Kitufe cha kwanza ni idadi ya mipigo kwa sekunde: kati ya hezi 50 na 100 kwa mtetemo wa haraka, au hezi 2 hadi 4 kwa mipigo ya polepole inayoitikisa nyama. Cha pili ni urefu wa kila mpigo, ambao huwa kati ya mikrosekunde 50 na 250, sehemu ndogo mno ya sekunde. Cha tatu ni nguvu, inayohesabiwa kwa miliampia.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri. Umeme wa ukutani una hezi 50, na kikasha cha mwalimu kinaweza kuwekwa hezi 50. Mbona huu unaua na ule unatibu? Nikamwambia aandike ubaoni. Ukutani kuna volti 230 na mkondo usiokatika, unaoweza kupita kifuani na kuuvuruga moyo. Kwenye kikasha, mkondo ni mdogo, kila mpigo umekwisha kabla haujaanza vizuri, na njia yake ni fupi, kutoka kibandiko kimoja hadi jirani yake. Nilikuwa na sababu ya kulisisitiza somo hilo. Fundi redio wa mtaani alikuwa amejitolea kwa moyo safi kunitengenezea kifaa "chenye nguvu zaidi" cha kuchomeka ukutani. Nilimshukuru na kumwomba asimtengenezee mtu yeyote kitu kama hicho, hata mkwewe.

Nyumbani kazi ya kubandika ni ya mke wangu, kwani mkono wangu haufiki.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Yeye ndiye aliyegundua kwamba vibandiko vya kunata hushika vizuri nikitoka kuoga na kujikausha, na kwamba nikipaka mafuta kwanza vinaanguka. Yeye ndiye aliyeona ngozi imekuwa nyekundu akanilazimisha nihamishe mahali. Mtaalamu naye alinionya nisitumie mpangilio ule ule kila siku. Wanyama waliopewa kipimo kile kile siku baada ya siku, nafuu yao ilififia kufikia siku ya nne au ya tano. Kwa hiyo leo naweka mipigo ya haraka, kesho ya polepole, na nguvu huipandisha mpaka ishike kweli, kwa sababu mtekenyo wa kubembeleza haufanyi chochote.

Lakini somo kubwa halikuwamo kwenye vitufe. Lilikuwa kwenye daftari. Nilipoanza, nilizoea kuulizwa swali la hospitali zote: kati ya sifuri na kumi, yanauma kiasi gani? Nilijibu saba. Nikivaa kikasha, tano. Nikikivua, baada ya muda, saba. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tunapoteza betri. Yule binti akanipa daftari la mistari, akalichora safu mbili. Upande mmoja niandike nilichofanya kikasha kikiwa kimewashwa. Upande wa pili niandike ambacho bado sikiwezi. Namba za maumivu akazifuta kabisa.

Basi nikaanza kuandika. Nimeinama kufunga kamba za viatu bila kukaa kitandani. Nimepanda ngazi hadi maabara. Nimebeba ndoo nusu kutoka bombani. Nimechapa hatua kuizunguka nyumba anayoijenga jirani. Zile namba, kama ningezihifadhi, zingeonesha mstari ulionyooka na usio na matumaini. Safu ya kwanza ilikuwa inajaa, na vitu vilikuwa vinahama kutoka safu ya pili kwenda ya kwanza. Baadaye vingine nikaanza kuviweza hata kikasha kikiwa mezani.

Kilichochelewa kuhama kilikuwa rukuu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiswali kwenye kiti, mwisho wa safu, pamoja na wazee ambao mmoja wao alinifundisha mimi darasa la pili. Sheria inaruhusu, na hakuna aliyenitazama vibaya. Hata hivyo niliona kwamba sikukaa kwenye kiti kwa sababu ya maumivu peke yake. Nilikuwa naogopa kuinama mbele za watu, nisije nikakwama katikati nikainuliwa na vijana. Nyumbani, kikasha kikitetema kiunoni, nilifanya mazoezi ya kuinama mikono ikiwa magotini, nahesabu pumzi, nainuka. Nikazoea. Siku nilipokiacha kiti, kiuno kiliuma kama kawaida yake. Hofu ndiyo haikuwapo.

Mwenye maumivu sugu huacha kitu kimoja baada ya kingine. Kila anachokiacha, misuli yake inalegea na kiwiliwili kinakakamaa, na akijaribu tena kinauma zaidi, naye anapata ushahidi kwamba alikuwa sahihi kuacha. Umeme hauwezi kuukata mzunguko huo. Unachoweza ni kukupa kipenyo cha muda mfupi ambamo kusogea kunauma kidogo kuliko kawaida, na wewe ndiye unayepita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliofanywa kwa wanawake 301 wenye ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima uitwao fibromialjia, ulikuta jambo la kufanana. Waliovaa TENS halisi wakiwa katika shughuli zao nyumbani walipata upungufu mkubwa zaidi wa maumivu ya wakati wa kusogea kuliko waliovaa kifaa bandia au wasiovaa kitu. Watafiti walipima maumivu mtu akitembea, si akiwa ameketi tu kujaza fomu.

Mwezi wa Desemba 2023 binti yangu, ambaye ni nesi, alinipigia simu.

"Baba, WHO wamekikataa kikasha chako."

Alikuwa anasema kweli. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Linashauri elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa, tiba ya kisaikolojia, na dawa za jamii ya diklofenaki kwa wanaozimudu. TENS limeiweka upande wa vitu visivyopendekezwa kwa kawaida, pamoja na mikanda ya kiuno, kuvutwa uti wa mgongo na dawa za jamii ya afyuni. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilikuwa imesema hivyo hivyo tangu 2016.

Sikukasirika. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto kwamba jaribio likipingana na unachopenda, unalitazama jaribio kwanza. Nikayasoma. Jaribio moja mashuhuri lilichapishwa mwaka 1990 katika The New England Journal of Medicine, kwa wagonjwa 145 wa mgongo. Baadhi walipewa TENS halisi, wengine kifaa kisichotoa umeme. Baadhi walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo, wengine hawakufanya. TENS haikuzidi kifaa bandia. Mazoezi yalisaidia. Na miezi miwili baada ya tiba kumalizika, wengi walikuwa wameacha mazoezi, na nafuu yao ilikuwa imeondoka nayo. Upande mwingine, mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio 381 ya maumivu ya kila aina na kukuta kwamba TENS hupunguza maumivu kuliko kifaa bandia, lakini ni wakati inapofanya kazi au mara tu baada ya hapo.

Wengine huona hapo kupingana. Mimi naona watu wawili wakipima vitu tofauti. Ukiuliza kama kikasha kinabadilisha maisha ya mgonjwa baada ya miezi, jibu ni hapana, au hakuna ushahidi wa kutosha. Ukiuliza kama kinapunguza uchungu mtu akiwa amekivaa, kwa wengi jibu ni ndiyo. Nusu saa ile ipo, na haijijazi yenyewe. Zaidi ya hayo, kumdanganya mtu kwa kifaa bandia ni kazi ngumu, maana aliyewahi kutekenywa na umeme anajua kama haumtekenyi. Majaribio mengi yana udhaifu huo, ya kusifu na ya kukataa. Nikamwambia binti yangu: waliokikataa kikasha wamependekeza mazoezi, na mimi kikasha nakitumia ili niyaweze mazoezi. Akanyamaza kidogo. "Basi siku ukiyaweza bila kikasha, Baba, ukizime." Tumekubaliana hivyo, na siku za kukizima zinaongezeka.

Jina la Mwalimu wa Umeme limeniletea wageni wa kuazima. Bibi mmoja wa jirani, mwenye sukari ya miaka mingi, alikuja na miguu isiyohisi changarawe, akitaka nimtie umeme nyayoni apate kuamsha ganzi. Nilimkalisha, nikampa chai ya rangi, nikamwambia kwa heshima zote kwamba ngozi yake haitaweza kumwambia ikiungua, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari si jambo la kuchezea. Mzee aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo nilimkatalia kabla hajakaa, kwa kuwa umeme wa nje unaweza kukivuruga. Mjamzito asiweke tumboni wala kiunoni bila ushauri wa mtaalamu. Mwenye kifafa aulize kwanza. Mbele ya shingo, kifuani, karibu na macho, juu ya kidonda au penye saratani, hakuna ruhusa. Wala hakivaliwi mtu akiendesha gari au akioga.

Tena wapo ambao hawapaswi kuja kwangu kabisa, bali waende hospitali siku hiyo hiyo: ambaye mguu umelegea ghafla, ambaye amepoteza hisia sehemu za siri au hawezi tena kuzuia mkojo na choo. Ambaye mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda naye asikawie. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kiko kwetu, na hakuna kitu kibaya kama kuyanyamazisha maumivu yanayokuambia ukweli.

Aliyebaki baada ya mchujo huo humwambia akamwone mtaalamu wa fiziotherapia, ndipo nimwazime kikasha. Nikimwazima, sina mahubiri marefu. Namuuliza: ukipata nusu saa yenye nafuu, utaifanyia nini? Fundi cherehani wa mtaa wa pili alijibu papo hapo kwamba atatembea hadi kwa dada yake Mabawa, ambako hajafika tangu Idi. Huyo nilimwongezea na betri ya akiba. Mwingine alifikiri sana, akasema atalala. Nilimshauri abaki na godoro lake. Kwa kulala linamtosha, na halili betri.